Mfupa wa ngamia haumo: uzoefu wangu na kitabu cha mabinti wa kifalme

Nimekuwa nikisoma vitabu vya maisha ya mabinti wa kifalme na wanawake mashuhuri tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo nilipokipata kitabu hiki miezi michache iliyopita, chenye jalada jekundu na maandishi ya dhahabu, nilikichukua bila hata kupekua kurasa. Sasa najuta. Nilikifunga katikati ya sura na sikuweza kukigusa tena kwa wiki nzima, na aliyenifikisha hapo ni sentensi moja tu.

Sentensi hiyo imo katika sura ya Sayyida Salme, binti ya Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Zanzibar, na ambaye baadaye alijulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Mwandishi anatuambia kwamba mume wake Mjerumani, mfanyabiashara wa Hamburg, ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika. Niliirudia mara tatu nikidhani nimesoma vibaya.

Salme mwenyewe alilieleza jambo hili waziwazi katika kumbukumbu zake, ambazo zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Msahafu, lakini kuandika kulihesabiwa kuwa jambo lisilomfaa mwanamke. Yeye akaifanya kazi hiyo kwa siri: aliuweka Msahafu mbele yake, akaziiga herufi moja baada ya nyingine juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao huko ndio uliokuwa ubao wa kuandikia, na mkono ulipoanza kutii akamtaka mmoja wa watumwa waliosoma amnyooshee mwandiko. Yote hayo yalitokea akiwa bado msichana, kabla mfanyabiashara yeyote wa Hamburg hajaingia katika maisha yake. Mfupa huo haumo kitabuni. Nimeutafuta sura nzima, mpaka katika maelezo ya picha, na haumo.

Wapo watakaosema kwamba nakuza jambo dogo, na kama kosa lingekuwa la tarehe au la jina la meli, ningelikubali hilo. Lakini maisha yote ya Salme yamesimama juu ya ule mfupa. Mwaka 1859, Barghash, kaka yake Salme, alipopanga kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, waasi walimhitaji mtu wa kuwaandikia barua, na aliyeifanya kazi hiyo ni Salme, msichana wa miaka 15. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na kuhusika huko kulimgharimu Salme mapenzi ya ndugu zake kwa miaka mingi. Kitabu hiki, kwa kuwa kimeshaamua kwamba hakujua kuandika, kinalazimika kusema tu kwamba “aliburutwa katika ugomvi wa kaka zake”, kana kwamba alikuwa mzigo uliobebwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kisha kinatumia kurasa nyingi kabisa kueleza vazi la harusi.

Nilikuwa nikikisoma pamoja na binti ya kaka yangu, ambaye ana umri wa miaka 11. Tulipofika pale akaniuliza, “Shangazi, kwa hiyo kabla ya kuolewa alikuwa hajui kitu?” Nikamweleza habari ya mfupa. Akanyamaza, halafu akapitisha kidole chake juu ya meza polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, kama anayejaribu kuona herufi zingekaaje juu ya kitu kisicho sawa.

Nilimwandikia mchapishaji barua ya heshima, nikitaja ukurasa na mstari. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, nalo lilikuwa fupi: kwamba kitabu ni cha burudani na si tasnifu, na kwamba kwa vyovyote wanawake wa pwani hiyo katika zama hizo hawakuwa wakiandika, hivyo maelezo ya mwandishi “yana mantiki”. Jibu hilo limeniumiza kuliko kosa lenyewe. Mwaka 1858, katika pwani hiyohiyo, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi ambao mpaka leo tunausoma, na katika beti zake za mwanzo anamwita binti huyo aje akae karibu naye na wino na karatasi. Je, wino na karatasi hivyo vilikuwa vya nani?

Hata hivyo sitaki kukidhulumu kitabu. Sura ya Njinga, malkia wa Ndongo na Matamba katika Angola ya leo, ni nzuri mno, tena ni miongoni mwa masimulizi bora niliyowahi kusoma juu yake. Pale Luanda mwaka 1622, gavana wa Kireno alipokalia kiti na kumwachia mgeni wake mkeka, mwandishi anatuonyesha kwa utulivu jinsi Njinga alivyomwashiria mmoja wa wahudumu wake ainame, akamkalia mgongoni, kisha akaanza mazungumzo macho yao yakiwa sawa. Nilipoimaliza sura hiyo nilikuwa tayari kusamehe mengi.

Ndipo nikafika kwa Razia wa Delhi, aliyetawala kuanzia mwaka 1236 hadi 1240 baada ya baba yake, Iltutmish, kumteua yeye na kuwaacha wana wake wa kiume. Miaka minne ya utawala imepewa aya mbili. Kurasa zilizobaki zote ni uvumi wa mapenzi kati yake na Yaqut, Mhabeshi aliyesimamia farasi wa kifalme. Hapo nikatambua kwamba kosa la Salme halikutokana na haraka. Mwandishi huyu, isipokuwa kwa Njinga, hawezi kumwona mwanamke mpaka kwanza amtafutie mwanamume wa kumweleza.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu, mbili kati yake zikiwa za Njinga. Natoa moja. Nakala yangu ninayo bado, kwa sababu mtoto ameikata ile sentensi kwa penseli na kuandika pembeni, kwa herufi zake kubwa: “Alijifundisha mwenyewe.”