Pedali ya ovadraivu mbili kwenye gita langu: miezi minane ya harusi na kwaya Mtwara

Harusi ya kwanza niliyopiga mwaka huu ilikuwa Chuno, na sikusikika. Vinanda viwili, besi, ngoma, waimbaji watatu, halafu gita langu limechomekwa moja kwa moja kwenye mikisa. Nikiongeza sauti, fundi mitambo ananipunguza kwa sababu spika zinaanza kupiga mluzi. Nikitulia, vinanda vinanifunika. Baada ya wimbo wa tatu dada yetu mwimbaji akanigeukia: "Kaka, mbona leo hupigi?" Nilikuwa napiga tangu mwanzo, vidole vinauma. Neno lile lilinikaa moyoni wiki nzima, na ndilo lililonifanya nitafute pedali hii ya ovadraivu, kifaa cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gita.

Ni kasha la chuma, upana wake kama simu mbili zilizolazwa pamoja. Upande wa kulia ni wa bluu, wa kushoto ni wa kijani. Kila upande una vinobu vitatu, yaani sauti, geini (kiasi cha sauti kukwaruza) na toni (kiasi cha sauti za juu), na swichi yake ya kukanyaga. Imetengenezwa China. Niliagiza kwa muuza vyombo wa Kariakoo, ikaja kwa basi, nikaipokea stendi. Jumla na nauli ya mzigo ilinigharimu shilingi 165,000. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina malalamiko nitakayoyasema huko mbele, na pia kwa sababu sakiti zilizomo ndani, yaani mpangilio wa vipande vya umeme, utazikuta kwenye pedali za kampuni nyingi. Anayetaka kununua aangalie sakiti kwanza, nembo baadaye.

Kwa asiyeizoea, ovadraivu ni ile sauti ya gita kuanza kukwaruza kwa mbali, kama inavyokwaruza ampli ya zamani ya valvu ikisukumwa hadi karibu na mwisho wake. Ndani ya pedali chipu ndogo inakuza mawimbi ya sauti, kisha diodi, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinayakata vichwa. Kampuni ya Boss ilitoa pedali yake ya OD-1 mwaka 1977. Mwaka 1979 ikafuata Tube Screamer ya kampuni ya Ibanez, iliyobuniwa na Susumu Tamura wa kampuni ya Maxon, na mpaka leo ndiyo inayoigwa kuliko zote. Upande wa kijani wa pedali yangu ni mtoto wa ukoo huo. Upande wa bluu unatokana na pedali ya Bluesbreaker ya kampuni ya Marshall ya mwaka 1991, sakiti ileile ambayo mtengenezaji wa pedali Analog Man wa Marekani aliijengea King of Tone, pedali ya pande mbili ambayo watu huisubiri kwenye orodha kwa miaka. Sikuwa na hela ya hiyo wala muda wa kusubiri.

Tuje kwenye sauti, maana ndiyo niliyoinunulia.

Upande wa kijani unapunguza besi na kuinua sauti za katikati, pale karibu na hezi 700. Kwenye karatasi linaonekana jambo dogo. Jukwaani ndilo lililoniokoa. Chini kuna besi na ngoma ya mguu, juu kuna vinanda na matoazi, na katikati ndiko kulikobaki nafasi. Nilipokanyaga kijani kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi, sauti nikiwa nimeiweka ileile, kaka wa besi aliinua kichwa akanitazama. Gita halikuongezeka kelele. Lilikuwa limepata mahali pa kusimama.

Bluu ni mpole zaidi. Inaacha besi ya gita ibaki, inaacha tofauti kati ya kupiga kwa nguvu na kupapasa. Ukigusa nyuzi taratibu, sauti ni safi kabisa. Ukikaza mkono, inakwaruza. Jumapili kanisani natumia bluu peke yake, geini kidogo sana, na mwalimu wa kwaya ambaye mwanzoni alikataa habari ya pedali siku hizi hata haulizi kama imewashwa. Nimekuja kuipenda kuliko nilivyotegemea. Gita langu ni la bei ya chini, pikapu zake, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zinatoa sauti nyembamba, na bluu inalijazia nyama.

Ila lipo jambo ambalo sikuwahi kuelezwa na mtu, na lilinipotezea wiki mbili. Wanaosifia pedali hizi wengi wanapigia kwenye ampli ya gita. Sisi huku mara nyingi tunachomeka kwenye mikisa na kutokea kwenye spika kubwa za shughuli. Spika ya ampli ya gita haitoi vizuri sauti za juu sana. Ikifika hezi 5,000 hivi inaanza kuziacha. Spika za shughuli zinatoa zote. Basi ule ukwaruzo ambao kwenye ampli ungekuwa mtamu, kwenye spika zetu unatoka kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa pedali mbovu.

Dawa niliyoipata ni hii. Toni ya pande zote mbili naishusha mpaka kinobu kinatazama namba 9 ya saa ya ukutani. Geini haivuki namba 10. Kisha namwomba fundi mitambo apunguze sauti za juu kwenye chaneli yangu tu, asiguse nyingine. Nyuki wanaondoka. Tukiwa kwenye ukumbi wenye nafasi nabeba kiampli changu kidogo, naweka maikrofoni mbele ya spika yake, na hapo pedali inafunguka kuliko njia nyingine yoyote. Kama unaweza kupata kiampli hata cha mtumba, fanya hivyo kabla hujaanza kuwaza pedali ya pili.

Kuhusu kuwasha pande zote mbili kwa pamoja, hapa ndipo nilipoona thamani ya kununua mbili ndani ya kasha moja. Kwenye pedali yangu sauti inaingia bluu kwanza, halafu inapita kijani. Ukiinua sauti ya bluu, huongezi kelele sana. Unaisukuma kijani, nayo inazidi kukwaruza na noti zinakaa muda mrefu zaidi. Ukiinua sauti ya kijani, ndipo unapanda juu ya bendi nzima. Nilipoelewa hivyo niliacha kubahatisha. Sasa bluu iko wazi usiku kucha, na kijani naikanyaga solo ikifika, sauti yake imezidi kidogo tu. Ikiisha solo nakanyaga tena, narudi kwenye ridhimu, wala fundi mitambo halazimiki kunikimbilia.

Kwenye sebene, hata hivyo, naizima kijani. Sebene inataka kila noti itoke peke yake, safi, kama punje za mchele zinazomwagika kwenye ungo. Geini ikizidi, punje zinageuka uji. Niliwahi kuisahau imewaka kwenye harusi moja Mikindani, na wachezaji walipoa mpaka nilipogundua. Mpiga solo ambaye maisha yake yote ni sebene hahitaji pande mbili. Bluu moja inamtosha, na hela inayobaki anunue nyuzi.

Sasa mkasa. Mwezi wa tatu adapta iliyokuja na pedali ilikatika waya. Nyumbani kulikuwa na adapta ya ruta, volti 9, tundu lilelile, ikaingia vizuri kabisa. Taa haikuwaka. Nikajaribu swichi zote, nikabadilisha waya wa gita, kimya. Nikanusa harufu ya kitu kilichoungua, moyo ukashuka. Kesho yake tulikuwa na shughuli.

Karibu na soko kuu kuna mzee anayetengeneza redio. Alifungua skrubu nne za chini, akaangalia ndani bila kugusa kitu, kisha akaniuliza, "Mjomba, uliwashia na adapta ya nini?"

"Ya ruta, mzee."

Akaniomba niilete mwangani. Mgongoni, chini ya maandishi ya volti, kuna kimchoro kidogo: nukta ndani ya nusu duara, alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande mwingine. "Ya ruta chanya iko ndani," akasema. "Hii yako inataka hasi ndani. Umemgeuzia umeme." Akachukua mita, akagusa diodi moja nyeusi karibu na tundu la umeme. Mita ikalia. Akageuza ncha, ikalia tena. "Diodi nzima hailii pande zote mbili. Huyu amekufa akiwalinda wenzake." Akaing'oa, akawasha pedali kwa betri za redio, taa ikawaka. Kisha akatafuta kwenye ubao wa redio iliyokufa siku nyingi, akatoa diodi ya aina ya 1N4007, akaisafisha miguu kwa wembe, akaiunga. Shilingi 5,000. Nilimwongezea 2,000 ya chai na ningeweza kumpa zaidi.

Kwa hiyo mwenye pedali yoyote, soma kile kimchoro kabla hujachomeka. Karibu pedali zote za aina hii zinataka hasi ndani, na karibu adapta zote za nyumbani zina chanya ndani.

Mzee huyohuyo alinitengenezea kitu kingine. Madukani kuna waya unaochomekwa kwenye pawabanki kuupandisha umeme wa volti 5 ufike 9, wa kuwashia ruta umeme ukikatika. Aliukata karibu na kichwa, akageuza nyaya, akaunga na kufunga tepu. Pedali inakula umeme kidogo sana, mgongoni imeandikwa miliampea 20, kwa hiyo pawabanki inamaliza harusi nzima na kesho yake bado ina chaji. Kwenye shughuli za vijijini ambako tunatumia jenereta, ile ngurumo iliyokuwa inapitia kwenye adapta imepungua sana. Iliyobaki ni ya pikapu za gita lenyewe.

Malalamiko yangu ni haya. Haina mahali pa kuweka betri ndani, na kwa bei ile ingefaa iwe nayo. Taa za kuonyesha kama imewashwa ni kali mno, ukumbi ukizimwa taa huoni vinobu vimetazama wapi. Nimebandika kipande cha tepu juu yake. Swichi ya kijani inatoa mlio wa "tap" kwenye spika unapoikanyaga, na kwenye wimbo wa taratibu kanisani mlio huo unasikika mpaka benchi la mwisho, ndiyo maana huko siigusi. Linalonikera zaidi ni jeki ya kuingizia waya wa gita. Baada ya miezi mitano ilianza kulegea na kukata sauti. Naishi Shangani, bahari iko karibu, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Nyuzi zangu zenyewe zinashika kutu nisipozifuta kila nikimaliza kupiga. Lakini jeki nzuri ingevumilia zaidi ya hapo. Tumeitoa, tumeweka nyingine nzito kutoka kwenye ampli mbovu, na tangu hapo imetulia. Pedali yenyewe siku hizi inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa mtu anayepiga kama mimi: leo harusi, kesho kwaya, keshokutwa mazoezi ya nyimbo za dansi za zamani, gita moja, mgongoni kwenye bodaboda. Msimu wa korosho ukishapita na watu wakishalipwa, shughuli zinafuatana kila mwisho wa wiki kutoka hapa mjini hadi Nanyamba na Tandahimba, na kubeba kasha moja badala ya mawili, adapta moja badala ya mbili, ni nafuu ninayoihisi mgongoni.

Jumamosi iliyopita tulirudi Chuno, ukumbi uleule, fundi mitambo yuleyule. Chaneli yangu aliiacha chini kuliko ile siku ya kwanza. Katikati ya wimbo wa pili dada yetu alinikaribia, akainamia sikio langu akaniambia nipunguze kidogo, namfunika.