Kamera ya mkanda ya kutegea paa: uzoefu wangu na jinsi ya kujua ubovu uko wapi

Ni boksi la plastiki la kijani. Ndani mna kamera ya kawaida ya mkanda (filamu) wa 35 mm, na juu yake jicho la kuhisi joto. Zilitengenezwa kwa wawindaji wa Marekani wanaovizia kulungu, na sasa zinauzwa mitumba kwa bei ya kutupa kwa sababu wengi wamehamia kamera za kadi. Mimi naitumia kando ya mashamba ya maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe), kusini Unguja, kuangalia paa nunga na chesi, ambao ni paa wadogo wa msituni, na ngawa wanaopita usiku. Kutazama tu. Ukitaka kuitega ndani ya Jozani, Kiwengwa au Ngezi kule Pemba, omba ruhusa Idara ya Misitu kwanza, na hata nje ya hifadhi mpe taarifa sheha (kiongozi wa shehia), maana boksi lililofungwa mtini linatia watu wasiwasi.

Kwangu ni kifaa kizuri. Ila wanaokinunua wengi wanakitupa wakidhani kibovu, kumbe ubovu wenyewe umeandikwa kwenye mkanda.

Mkanda ukishasafishwa, usikimbilie picha. Uinue negativu kwenye mwanga utazame pembeni, kwenye zile namba na jina la kiwanda. Namba zipo lakini katikati pote pako wazi kama kioo? Dawa imefanya kazi yake, mwanga ndio haukuingia: ama mkanda haukushika kwenye meno ukawa hauzunguki, ama kifuniko cha ndani kinachoruhusu mwanga (shata) hakifunguki. Na namba hazipo? Basi kosa ni la aliyesafisha, kamera haina hatia. Negativu ikiwa nyeusi upande mmoja, mwanga umevuja. Tazama sponji ya mlango wa nyuma; kwenye kamera za umri huu imeoza na inanata kama lami. Ikwangue yote, ulaze uzi mweusi wa sufi kwenye mfereji, kisha uzibe ukingo wa nje kwa tepu nyeusi ya umeme.

Ugonjwa wa pili ni picha 36 za majani matupu. Hapa soma saa iliyochapwa kwenye picha. (Weka kalenda ya kamera ionyeshe siku, saa na dakika, mwaka achana nao, na kumbuka 13:00 yake ni saa saba mchana.) Picha zikiwa zimerundikana kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, jicho limedanganywa na jua. Lile jicho halioni mnyama. Linaona joto linalohama kutoka pembe moja kwenda nyingine, kwa hiyo tawi lililopata jua likatikiswa na upepo wa kusi kwake ni sawa na paa. Kata matawi yote mita tatu mbele, kisha geuza boksi kwa kufuata msimu. Sisi tuko nyuzi sita kusini ya ikweta: mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini, basi elekeza kamera kusini, Disemba na Januari jua liko kusini, elekeza kaskazini. Mashariki na magharibi usielekeze kabisa. Pia ongeza muda wa kusubiri kati ya picha na picha ufike dakika kumi, mkanda usije ukaisha haraka.

Kinyume chake kipo. Mchana wa msimu wa kaskazi, jiwe la maweni likishapata moto, joto la mwili wa mnyama halipishani sana na la mazingira, na jicho linakuwa kama limelala. Boksi langu hunikamata nikitembea umbali wa mita tisa alfajiri. Mchana ni mita nne. Hilo si hitilafu, halina dawa. Tega kwa ajili ya usiku.

Karatasi ya maelekezo inasema funga kiunoni mwa mtu, kama mita moja. Hiyo ni kwa kulungu wa kwao. Paa nunga bega lake ni kiasi cha sentimita 30, kwa hiyo ukifuata karatasi jicho linapita juu ya mgongo wake. Funga sentimita 35 hadi 40 kutoka ardhini, mita tatu kutoka kwenye pito, kwa kamba ya makumbi, kwani mpira unalegea juani. Na usilenge pito moja kwa moja kwa upande. Kamera hizi zinachukua sekunde mbili au tatu kuamka, kufungua lenzi na kuchaji flashi, utapata mkia. Lenga kwa mshazari, nyuzi 45 hivi. Ukilenga pito kwa urefu wake, jicho nalo linashindwa, maana mnyama anayekuja usoni havuki kutoka pembe moja kwenda nyingine.

Umeme uko sehemu mbili, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Betri nne kubwa za tochi zinalisha jicho. Mbili ndogo za AA zinalisha kamera. Taa nyekundu ikiwaka ukipita mbele huku kamera kimya, betri kubwa hazina neno. Chomoa waya unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye kamera, gusanisha ncha zake mbili za upande wa kamera kwa kipande cha waya. Ikipiga, ubovu uko kwenye jicho au kwenye waya. Isipopiga, badilisha AA, kisha tazama kama mkanda umefika mwisho. AA dhaifu zina tabia moja: mchana kamera inapiga vizuri, usiku picha zinatoka nyeusi kwa kuwa flashi haikuwahi kujaa. Ukungu wa kijani kwenye vyuma vya betri za alkali unaondoka kwa pamba yenye siki, kisha maji kidogo, kausha, msasa laini. Karibu na bahari fanya hivyo kila mwezi.

Usifunike jicho kwa kioo ili kulikinga na mvua. Kioo kinazuia joto la mwili na jicho linapofuka kabisa. Lifute kwa pamba yenye maji tu, maana ile plastiki ni laini. Tundu la waya lizibe, la sivyo mjusi kafiri atataga humo na majimoto (wale sisimizi wekundu wakali wa mitini) watahamia. Mviringo wa grisi kwenye mti, juu na chini ya boksi, unawazuia majimoto. Ndani weka vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, viwili vinatosha, na wakati wa masika vibadilishe kila wiki.

Mkanda tumia ASA 400 (ASA ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga). ASA 100 flashi haifiki. Ukiutoa kwenye friji, uache saa mbili ndani ya kopo lake ukiwa umefungwa, vinginevyo utatoka jasho.

Kabla ya kununua, mwambie muuzaji afungue mlango wa betri mbele yako, na uulize mapema nani anakusafishia mkanda wa rangi kwa dawa ya C-41. Hiyo gharama ndiyo itakayokuelemea, si boksi.