Tahadhari kwa wazee wetu walioko Marekani: "mshauri wa Medicare" anayetoza dola 350 kwa huduma ya bure

Ninaandika tahadhari hii kwa ajili ya wazee wetu wanaoishi Marekani, na kwa watoto na wajukuu wanaowasomea barua. Kuna bwana anayepita makanisani, misikitini na hata misibani akijiita mshauri wa Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa waliotimiza miaka 65, na anatoza dola 350 ili, kwa maneno yake, "aifute faini". Mama yangu alimlipa. Sitaji jina lake wala kampuni anayodai kuiwakilisha. Nitaeleza anavyofanya kazi, ili mkimwona mmjue.

Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee hadi alipofikisha miaka 68 na nusu, na muda wote huo alikuwa na bima ya mwajiri wake. Alipostaafu aliomba Sehemu B ya Medicare, inayolipia madaktari na vipimo, lakini hakuambatanisha uthibitisho wa ile bima ya kazini. Barua ikaja kwamba atakatwa dola 240.50 kila mwezi badala ya 185, kiwango cha kawaida cha mwaka 2025. Hizo dola 55.50 za ziada ni faini ya kuchelewa kujiandikisha, asilimia 10 ya kiwango hicho kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, nayo hulipwa kwa muda wote mtu atakaokuwa na Sehemu B. Kwa hiyo simlaumu mama kwa kumsikiliza mtu wa kwanza aliyemwambia kwamba jambo hilo lina dawa.

Alikuja Jumamosi bila kualikwa, akaamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote, akaketi mezani na kuipiga picha kadi ya Medicare kwa simu yake, mbele na nyuma. Risiti aliiandika kwa kalamu nyuma ya bahasha. Barua ya faini aliondoka nayo, na hilo lilinitisha kuliko fedha zilizopotea, kwa sababu anayepinga uamuzi wa Social Security, ofisi ya mafao, ana siku 60 tu tangu apokee barua, na kila tulipompigia jibu lilikuwa "wanalishughulikia, mama".

Wiki chache baadaye mama alikwenda kliniki, na binti wa mapokezi akamwambia kwamba daktari wake hayumo katika mpango wake mpya. Mpango upi? Yule bwana alikuwa amemwandikisha katika mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, bila kumwambia, na kwa uandikishaji wa namna hiyo mawakala hulipwa kamisheni na kampuni. Wakala wa mipango hiyo haruhusiwi kumtoza mzee ada ya kumwandikisha, wala kubisha hodi nyumbani kwake bila kualikwa. Huyu alikuwa amevunja masharti yote mawili kabla chai haijapoa.

Kazi aliyojitia kuifanya ni ya karatasi chache. Aliyekuwa na bima inayotokana na ajira yake, au ya mwenzi wake, ana miezi 8 tangu kazi au bima hiyo ikome kujiandikisha Sehemu B bila faini, na uthibitisho wake ni fomu CMS-L564, ambayo mwajiri hujaza sehemu yake na kutia saini. Fomu hiyo hailipiwi. Tuliipeleka Social Security pamoja na ombi la kupitiwa upya kwa uamuzi zikiwa zimebaki siku 4. Faini ikaondolewa, na ziada aliyokwisha kukatwa ikarudishwa. Aliyetuongoza ni mshauri wa SHIP, programu ya serikali ya ushauri wa Medicare iliyopo katika kila jimbo, naye hakututoza hata senti.

Nimesikia kwamba kwa wenye kipato kidogo bwana huyu huuza "fomu za kulipiwa mchango", yaani malipo ya bima ya kila mwezi. Msaada huo upo kweli, unaitwa Medicare Savings Programs, na huombwa bure katika ofisi ya jimbo ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwa wazazi walioletwa na watoto wao, ambao hawajafikisha miaka 10 ya kazi, bwana huyo huahidi Sehemu A, inayolipia hospitali, isiyo na mchango, ahadi ambayo hakuna wakala mwenye uwezo wa kuitimiza, kwa kuwa hesabu ya miaka ya kazi, ya mtu mwenyewe au ya mwenzi wake, iko Social Security.

Ikiwa ameshaipiga picha kadi yako, usisubiri: piga simu Medicare, 1-800-633-4227, omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye pia ni bure, kisha ueleze kwamba namba yako imeangukia mikononi mwa mtu mwingine na kwamba uliandikishwa bila ridhaa. Sisi tulipofanya hivyo, mama alirudishiwa bima yake ya awali na kupewa namba mpya. Kadi ilifika kwa posta, ya karatasi kama ile ya kwanza; dola 350 bado hatujaziona.