Rungwe kwa siku moja: Daraja la Mungu au Kaporogwe?

Ukifika Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, na siku moja tu mkononi, itakubidi uchague. Mimi ningeanza na Daraja la Mungu, bila kusita.

Ni mwamba mzima uliopinda kama tao juu ya Mto Kiwira, wala hakuna fundi aliyeugusa. Zamani lava ya volkano ilitiririka hapa ikapoa, maji yakaitafuna kwa chini, sehemu ya juu ikabaki. Kisha endelea na bonde hadi Kijungu. Hapo mto wote unajimimina ndani ya shimo la mwamba mithili ya chungu, unazama chini ya jiwe, halafu unaibuka mbele. Ngurumo yake unaisikia kifuani. Eneo hilo ni la chuo cha Magereza, kwa hiyo jitambulishe getini kwanza uombe ruhusa. Na tafadhali usisogee ukingoni: mwamba ukiloa unateleza vibaya.

Maporomoko ya Kaporogwe yako kusini mwa Tukuyu, upande wa kuelekea Kyela, kwenye joto zaidi. Maji yanaanguka mbele ya pango, nawe unaweza kupita nyuma ya pazia hilo ukatoka umelowa chepechepe. Hilo Kiwira haina.

Mvua za Machi na Aprili hufanya njia za kote kuwili kuwa tope tupu. Nenda kati ya Juni na Oktoba, ukiwa na sweta: asubuhi Tukuyu ina baridi kweli.