Moduli ya keyword ya Python: nzuri, ila usiitegemee peke yake

Ukiandika programu ya tiketi za basi la Mbeya kwenda Iringa, kigeu cha kwanza kinachokuja kichwani ni from. Andika from = "Mbeya" uone: SyntaxError: invalid syntax, na kimshale cha kosa kinakaa chini ya alama ya =. Anayeanza kujifunza atahangaika na hiyo alama, kumbe mkosaji ni neno lililoitangulia. Python imelihifadhi from kwa matumizi yake, sawa na class utakayoitaka kwa daraja la siti. Neno to liko huru.

Moduli ya keyword, inayotaja maneno yaliyohifadhiwa, inamaliza mkanganyiko huo. Inakuja na Python yenyewe, haihitaji bando:

import keyword
print(keyword.kwlist)
print(keyword.iskeyword("from"))

Kwenye Python 3.12 orodha ina maneno 35. Angalia herufi kubwa: True imehifadhiwa, true haijahifadhiwa. Neno likishikwa, ongeza mstari wa chini mwishoni, from_ au class_, kama PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, unavyoshauri. Au ita vigeu vyako kutoka na daraja, uendelee na kazi. Ndani ya kamusi huna haja ya kubadili chochote: safari["from"] inapita, kwa sababu pale ni maandishi tu.

Ninapoikata alama ni hapa. Uliza iskeyword("sum"), itajibu False, nawe utaona jina ni salama. Si salama hata kidogo: sum tayari ni jina la kitendakazi cha Python cha kujumlisha. Ukiandika sum = 0 ili kujumlisha nauli, Python inanyamaza. Mistari ishirini mbele unaita sum(nauli), ndipo inalipuka: TypeError: 'int' object is not callable. Kosa la namna hii linaumiza kuliko la from, maana linajitokeza mbali na lilipozaliwa. Kwa hiyo kagua pia dir(builtins), orodha ya majina yaliyojengwa ndani ya Python, baada ya import builtins. Majina list, id, max na input yote yamo. Kama umeshaharibu ukiwa kwenye dirisha la amri, del sum inairudisha ile ya asili.

Wenye kompyuta za mtumba zenye Windows 7 wanaishia Python 3.8. Huko keyword.softkwlist, orodha ya maneno yanayohifadhiwa sehemu maalumu tu, haipo, imeanza 3.9, na match bado ni jina la kawaida. Faili lako la majaribio nalo usiliite keyword.py: import italichukua hilo, na kwlist haitaonekana.