Diski ya digrii na saa ya kupimia kwenye DT 125: uzoefu wangu kutoka Kapchorwa

Huku Sebei, mashariki mwa Uganda, bado tuna pikipiki nyingi za tu-stroki, hasa Yamaha za zamani zilizotoka kwenye miradi na ofisi za serikali. Zinapanda milima vizuri zikiwa na afya. Shida ni kwamba zikipoteza nguvu, fundi hukimbilia faili (tupa) kupanua milango ya silinda kabla mtu yeyote hajapima kitu. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kuhusu kifaa hiki cha kupimia milango hiyo hufunguka lini, pamoja na kazi niliyofanyiwa Katwe, Kampala, baada ya kukitumia.

Pikipiki yangu ni DT 125 ya kupozwa kwa hewa, silinda ya kipenyo cha milimita 56, mkondo wa pistoni (umbali inaosafiri kutoka juu hadi chini) milimita 50. Niliinunua kwa kijana aliyekuwa akiikimbiza kwenye mashindano ya Busiika. Kwenye tambarare ya Mbale inaruka kama swala. Lakini ukianza kupanda kwenda Sipi na gunia la kahawa nyuma, injini inazama. Ikishuka chini ya mizunguko 6,000 hivi kwa dakika haina kitu, na unabaki kuichosha klachi kwa gia ya kwanza. Mafundi wa hapa walisafisha kabureta, wakabadilisha plagi, wakabadilisha ringi. Hali ikawa ile ile. Mimi nikashuku mlango wa ekzosi, yaani tundu la silinda linalotoa moshi, na nilitaka namba, si maoni.

Kifaa niliagiza kupitia duka la spea Kampala kwa shilingi 180,000. Ndani kuna diski ya alumini ya kipenyo cha milimita 200 iliyochorwa digrii 360 ya kufunga kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), saa ya kupimia mwendo wa pistoni inayosoma sehemu ya mia ya milimita, na kizuizi cha pistoni kinachofungwa kwenye tundu la plagi. Ukubwa wa diski una maana. Kwa kipenyo hicho, kila digrii inachukua karibu milimita 1.7 ukingoni, kwa hiyo hata nusu digrii inasomeka kwa macho. Zile za karatasi ambazo watu huchapisha na kubandika kwenye kadibodi ni ndogo mno kwa kazi hii.

Kilichonifurahisha zaidi ni hicho kizuizi, ingawa ni kipande cha chuma tu. Ukitafuta kilele cha pistoni kwa kuitazama, utadanganyika, kwa sababu ikifika juu inatulia. Kwenye injini ya mkondo wa milimita 50, kranki ikiwa digrii 3 kabla au baada ya kilele, pistoni imeshuka chini ya sehemu tano za mia za milimita. Hakuna jicho linaloona hilo. Basi unafunga kizuizi, unazungusha kranki taratibu mpaka pistoni iguse, unasoma diski. Unazungusha kinyume mpaka iguse tena, unasoma. Katikati ya namba hizo mbili ndipo kilele kilipo. Ukianzia hapo, kila kipimo kinachofuata unaweza kukiamini.

Kwa wasioijua tu-stroki: haina vali ya kutolea moshi kama iliyonayo Boxer, pikipiki ya bodaboda. Pistoni yenyewe ikishuka ndiyo inafunua mlango wa ekzosi ukutani mwa silinda, kisha milango inayopitisha mchanganyiko mpya, na ikipanda inaifunika. Nilimulika tochi kupitia tundu la ekzosi, nikazungusha kranki mpaka ukingo wa pistoni ukaanza kuachia mwanga. Diski ikasoma digrii 86 baada ya kilele. Kutoka 86 hadi 180, pistoni ikiwa chini kabisa, ni 94; mara mbili, kushuka na kupanda, ni 188. Maana yake mlango wa ekzosi ulikuwa wazi kwa digrii 188 katika kila mzunguko. Milango ya mchanganyiko ilifunguka kwenye 119, yaani digrii 122.

Namba 188 ni ya pikipiki ya mashindano. Ukipiga hesabu kwa fimbo (ile inayounganisha pistoni na kranki) yenye urefu mara mbili ya mkondo, mlango ukiwa pale pistoni inaanza kubana ikiwa imebakiza milimita 26 tu kufika juu, kati ya zile 50. Mwendo wote wa chini unapotea kwa ekzosi iliyo wazi. Kwenye mizunguko ya juu hasara hiyo inafidiwa, kwa sababu bomba lililotanuka tumboni hurudisha wimbi la mgandamizo na kusukuma mchanganyiko urudi ndani kabla mlango haujafungwa. Walter Kaaden alikuwa akiufanyia kazi ujuzi huo kwa pikipiki za MZ kule Ujerumani Mashariki tangu miaka ya 1950, na mpaka leo nguvu ya tu-stroki ya mashindano inategemea jambo hilo. Lakini wimbi lina wakati wake. Mizunguko ikipungua linafika wakati usiofaa, na hapa kwetu, zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, hewa nayo ni nyepesi. Ndiyo sababu pikipiki ilikuwa inakufa kwenye kilima.

Mlango uliopandishwa hauteremshwi kwa faili, chuma kimeshaondoka. Bahati nzuri DT ina slivu ya chuma, yaani bomba la ndani ambamo pistoni inateleza, ndani ya silinda, kwa hiyo inaweza kuwekwa mpya na milango ikakatwa upya. Nilichagua digrii 176, mlango ufunguke kwenye 92. Kwa hesabu ile ile, hiyo ni karibu milimita 2.6 chini ya ulipokuwa.

Karakana niliyoelekezwa Katwe ni ndogo, ina mashine moja ya kukereza. Fundi aliposoma karatasi yangu aliuliza swali moja: "Kaka, urefu huu umeupima kutoka kilele cha pistoni au kutoka uso wa silinda?" Hapo nikajua nimefika. Vipimo hivyo viwili vinatofautiana kwa nafasi ile pistoni inayobakiza ikifika juu, na asiyeuliza atakosea kwa kiasi hicho hicho. Aliomba diski yangu, akapima mwenyewe upya, ndipo akakata. Upana wa mlango aliuweka chini ya milimita 39, yaani chini ya asilimia 70 ya kipenyo cha silinda, ili ringi isichomoze na kukwama. Kingo zote alizilainisha kwa mkono. Fundi wa namna hiyo mlipe anachosema.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka ambao naupinga: kuongeza gasketi chini ya silinda ili kuipandisha milango. Milimita moja ya gasketi inaiongezea ekzosi karibu digrii 4.6, lakini milango ya mchanganyiko inapata kama 6, kwa sababu pistoni karibu na chini inakwenda polepole. Muda wa moshi kutoka kabla mchanganyiko haujaingia unapungua, na mbano nao unashuka.

Mapungufu ya kifaa yapo. Tundu la katikati ya diski halikulingana na kranki yangu, nikachongesha bushi. Sindano ya kuonyeshea ni waya laini unaopinda ukiugusa, nimeweka wa spoki. Na saa ya kupimia inafaa tu kama plagi imesimama wima juu ya pistoni. Ikiwa imelala, inasoma zaidi au pungufu ya mwendo halisi, hivyo lazima ufungue kichwa. Nakipa nyota nne kwa tano.

Sasa, nikiwa nimerudisha na bomba la kawaida la Yamaha, gunia lile lile linapanda Sipi kwa gia ya pili bila kelele za klachi. Kasi ya juu imepungua na kwenye lami ya Mbale naachwa na Boxer mpya, jambo ambalo halinisumbui. Anayekimbia Busiika asiinakili 176 yangu. Apime yake, na achague bomba kwanza kabla ya kugusa silinda.