Tahadhari: Giaboksi za boti zilizozibwa nyufa na kupakwa rangi, na muuzaji aliyekana kila kitu

Naandika tahadhari hii kwa wavuvi, wenye boti za abiria na mafundi wa mashine wa pwani yetu, hasa wale wanaotarajia kwenda Mombasa kununua giaboksi ya mtumba ya mashine ya arubaini, yaani ya nguvu za farasi 40. Niliuziwa giaboksi yenye ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma na kufunikwa kwa rangi mpya, nikaambiwa ni mali ya Japani ambayo haijawahi kufunguliwa, na niliporudi na malalamiko muuzaji alikana kwanza ubovu, kisha akakana kipuri chenyewe. Nahodha mmoja wa Gazi amenionyesha giaboksi yake iliyotoka kwa muuzaji huyo huyo, ikiwa imezibwa mahali pale pale kwa gundi ya rangi ile ile. Silitaji jina la duka kwa sababu ninayatayarisha madai yangu kwa ajili ya mahakama, na sitaki mtu apate kisingizio cha kusema nimemchafulia jina kabla ya kusikilizwa. Namna kipuri kilivyouzwa, hata hivyo, naweza kuieleza yote, na anayenunua vipuri mara kwa mara ataitambua.

Giaboksi yangu ya awali iliharibika mwezi wa Novemba, wakati wa maleleji, nilipogonga mwamba nje kidogo ya Shimoni maji ya bamvua yakiwa yamekupwa sana. Pezi la chini lilikatika, meno ya gia ya mbele yakavunjika, na fundi wangu akashauri ninunue giaboksi nzima badala ya gia moja moja, kwa kuwa beringi nazo zilikuwa zimechoka. Nilikuwa nimekwisha kuiona picha ya giaboksi katika kundi la WhatsApp la wavuvi, ikiwa na maneno machache chini yake: "Ya 40, asili ya Japani, haijafunguliwa." Nilivuka feri ya Likoni asubuhi, nikaikuta giaboksi imelazwa juu ya gunia kwenye kaunta, inang'aa kama iliyotoka kiwandani jana.

Sikuinunua kwa macho tu. Niliizungusha shafti kwa mkono, nikavuta fimbo ya gia mbele na nyuma, nikasikiliza. Gia ziliingia bila kelele. Nikaomba tufungue skrubu ya chini tuone oili iliyomo, na hapo ndipo muuzaji aliponiambia, kwa upole kabisa, "Ami, ukiifungua hiyo, garantii inakufa hapo hapo." Garantii gani, mpaka leo sijui, kwa maana hapakuwa na karatasi yoyote, lakini nilinyamaza. Jambo jingine nililoliona na kulipuuza ni zinki. Wasomaji wengi wanafahamu kwamba kile kipande cha zinki kinachofungwa chini ya mashine kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi kwa niaba ya aluminiamu, na kwamba kikipakwa rangi hakifanyi kazi tena. Ndiyo maana hakuna fundi anayekipaka. Kwenye giaboksi ile zinki ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu sawasawa na mwili mzima. Ilipaswa kunitosha kujua kwamba mtu aliinyunyizia rangi giaboksi yote kwa haraka ili kufunika kitu. Nilidhani ni uzembe tu wa mpakaji.

Nililipa shilingi 62,000. Muuzaji aliniomba nitume kwa namba yake binafsi ya M-Pesa na si kwa namba ya duka iliyobandikwa ukutani, akidai ile ya duka ina hitilafu tangu jana. Risiti aliyoniandikia kwa mkono ilisema "spea ya boti" na bei, basi, na chini yake palikuwa na yale maneno yaliyochapwa ambayo wengi wetu hatuyasomi: bidhaa ikiuzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Kabla ya kuondoka niliipiga giaboksi picha mbili, nikamtumia fundi wangu hapo hapo ili athibitishe kama matundu ya bolti yanalingana na ya mashine yetu. Picha hizo nilizipiga kwa ajili ya bolti, na leo ndizo ushahidi wangu mkubwa kuliko risiti.

Safari mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Katika safari ya tatu, tukiwa watu wanne kuelekea upande wa Kisite, mashine ilianza kutoa sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe, kisha ikapiga makelele bila boti kusogea. Boti ya watalii iliyokuwa ikirudi ilitufunga kamba na kutuvuta hadi gatini. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo sitaendelea na habari hiyo, ila nawaomba wanaodhani kwamba huu ni ugomvi wa bei waufikirie mkondo wa Wasini upepo ukiwa umechafuka.

Tulipoifungua, fundi aliweka bakuli jeupe la plastiki chini ya skrubu. Kitu cha kwanza kutoka hakikuwa oili bali maji, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini mashine ikipumzika; baada yake ikafuata oili nyeupe, nzito, ya rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na ndani yake chembe za chuma zinazometameta. Tukatoa propela na kusafisha. Nyuma yake, mahali zinapokaa sili, zile pete za mpira zinazozuia maji kuingia, rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge. Fundi aliigusa kwa ncha ya kisu, ikabanduka pamoja na kipande cha gundi ya kijivu kinachofanana na plasta ya ukuta, na chini ya gundi hiyo tukauona ufa unaoanzia ukingo wa sili na kushuka chini kwa urefu wa kidole. Kingo za ufa zilikuwa na ule unga mweupe ambao aluminiamu hutoa ikiliwa na chumvi. Unga huo haufanyiki kwa safari tatu. Ufa ulikuwa wa siku nyingi, na aliyeuziba aliuona.

Nilimpigia muuzaji jioni hiyo, na kuanzia hapo nilipewa majibu manne, moja baada ya jingine, na kila nilipolijibu moja alilitupa bila kulitetea akachukua jingine. Kwanza alisema fundi wangu amefunga vibaya. Bolti za kufungia giaboksi kwenye mwili wa mashine ziko juu, na ufa uko nyuma ya propela, mahali ambapo fundi hakugusa zaidi ya kuvalisha propela yenyewe. Kisha akasema mshipi umejiviringisha kwenye shafti ukakata sili. Jibu hili lina uzito, na nakiri kwamba giaboksi nyingi huingia maji kwa njia hiyo, kwa hiyo tulitazama kwa makini: hapakuwa na uzi hata mmoja, na midomo ya sili zote mbili ilikuwa mizima. La tatu lilikuwa swali: ikiwa ilikuwa mbovu, mbona ilifanya kazi siku mbili? Giaboksi ikifanya kazi hupata joto na hewa iliyomo hutanuka na kutoka. Mashine ikizimwa na kupoa ndani ya maji, hewa hujikunja na kuvuta maji kupitia upenyo wowote uliopo. Gundi huchukua safari kadhaa kulegea, na maji huingia kidogo kidogo kila mara mashine inapopumzishwa. Kwenye kaunta, ikiwa kavu na baridi, haiwezi kuonyesha dalili yoyote, na muuzaji wa miaka mingi anayajua hayo kuliko mimi.

Jibu la nne ndilo lililonifanya niandike. Nilipoipeleka giaboksi dukani aliizungusha mara moja, akaisukuma kwangu na kusema mbele ya wateja wengine, "Mzee wangu, hii si mali yangu." Akaongeza kwamba risiti yangu inasema spea ya boti, na spea ya boti inaweza kuwa hata kamba. Hapo nikaelewa kwamba ukanushaji huu ulikuwa umetayarishwa tangu siku ya mauzo: skrubu isifunguliwe ili mnunuzi asione, fedha ziende kwenye namba isiyo ya duka, risiti isitaje kipuri ni kipi. Kila kimoja peke yake kina sababu inayokubalika, na ndiyo maana vinapita. Nilimwonyesha picha nilizomtumia fundi, zenye saa na tarehe, kaunta yake ikionekana na mkwaruzo ulioko juu ya pezi ukiwa wazi kabisa, mkwaruzo ule ule uliokuwa mbele yetu. Hakujibu. Aliniambia niiache hapo dukani aitazame kwa nafasi yake, nami nikaichukua na kuondoka nayo.

Kuhusu sheria, nitaeleza yale tu niliyoyasoma na kuyathibitisha kwa mtu anayeyajua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Ila sheria hiyo ina kifungu kinachowapa nguvu wauzaji wa namna hii: mnunuzi akiwa ameikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ungepaswa kuzifichua. Muuzaji wangu anakitegemea sana kifungu hicho, akisema nilizungusha shafti mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba hakuna ukaguzi wa kaunta unaofichua ufa uliozibwa na kupakwa rangi kwa makusudi, tena baada ya muuzaji kukataa skrubu isifunguliwe. Nayo maandishi ya kwamba bidhaa hairudishwi yanaweza kumfaa dhidi ya mnunuzi aliyebadili nia. Hayawezi kuigeuza giaboksi iliyozibwa ikawa ile "haijafunguliwa" aliyoitangaza.

Mnunuzi anayekaa kimya na kuendelea kukitumia kipuri anaweza kuhesabiwa kuwa amekikubali, kwa hiyo ujumbe wa kukikataa uandikwe mapema, kwa maandishi, siku ile ile ikiwezekana. Tena, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, mnunuzi aliyekikataa kipuri kwa haki hawajibiki kukirudisha mwenyewe. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amekikataa. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambako mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na shauri linatakiwa kumalizwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Nimemwandikia muuzaji barua ya madai na kumpa siku 14. Nadai bei ya giaboksi, gharama ya oili na sili, na mafuta ya boti iliyotuvuta. Siku 11 ambazo mabaharia wangu watatu walikaa pwani bila mgawo sijui kama nitazipata.

Kwa anayelazimika kununua giaboksi ya mtumba, kwa kuwa mpya bei yake haishikiki, kipimo kinachofaa ni cha upepo. Fundi hufunga nipeli kwenye tundu la juu, akaipulizia kwa pampu ya mkono mpaka shinikizo la psi 10 kwenye geji na si zaidi, kwa sababu upepo mwingi wenyewe huharibu sili, kisha hupaka maji ya sabuni na kutazama geji kwa dakika kumi. Mshale ukishuka au povu likitoka, iache. Kipimo hiki hakichukui hata robo saa, na muuzaji mwenye mali nzuri hana sababu ya kukikataa. Sumaku ambayo wengine huishauri haisaidii hapa, maana mwili wa giaboksi ni aluminiamu na sumaku haiushiki, uwe mzima au uwe umezibwa. Afadhali sarafu, kwa kugonga taratibu kuzunguka sili na chini ya pezi, kwa kuwa sehemu yenye gundi hujibu kwa sauti butu. Tazama zinki na mashimo ya bolti, mahali ambapo rangi ya kiwandani haina kazi. Risiti itaje aina ya mashine, neno mtumba au mpya, na maneno yale yale yaliyotumika katika tangazo. Lipa kwa namba ya duka. Akikwambia ina hitilafu, ngoja irekebishwe, hata ukikosa feri ya mchana.

Na aliyekwisha kununua giaboksi iliyopakwa rangi ya kijivu pamoja na zinki yake, katika miezi ya karibuni, naomba asisubiri kelele. Boti ikiwa imevutwa mchangani na mashine imepumzika usiku kucha, alegeze skrubu ya chini alfajiri na kukinga matone ya kwanza kwenye bakuli jeupe. Yakiwa maji, ayatie pamoja na oili yake kwenye chupa inayoonekana ndani, aandike tarehe, aiweke mahali ambapo watoto hawafiki, na ampigie muuzaji simu baada ya kupiga picha, si kabla.